Jeni za Ukuaji na Nyama: Kwa Nini Fahali Wako Bora Asiwe wa Kwanza Kuuzwa

Katika masoko ya mifugo ya kaunti yetu ya Migori na ya majirani zetu wa Homa Bay, mnunuzi hutafuta kwanza fahali mchanga aliyekua haraka. Ana kifua kipana na mapaja yaliyojaa, na bei yake haina mvutano mrefu. Jioni fahali huyo huwa tayari yuko kwenye lori. Ndugu yake aliyezaliwa msimu uleule lakini akabaki mdogo hurudishwa nyumbani kwa sababu hakupata mnunuzi, na huyo ndiye atakayepanda ng'ombe wa boma lile mwaka ujao.

Mfugaji amepata karo ya shule, na hakuna wa kumlaumu. Lakini pamoja na fahali ameuza kitu kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni jeni za ukuaji. Makala haya yanaeleza jeni hizo ni nini, wanasayansi wamegundua nini kuhusu alama zinazozitambulisha, na mfugaji wa ng'ombe wa kienyeji anaweza kufanya nini leo bila kusubiri maabara.

Jeni, na alama ya jeni

Kila ndama hupokea nusu ya urithi wake kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Urithi huo umeandikwa ndani ya kila chembe ya mwili kwa DNA, ambayo tunaweza kuilinganisha na kitabu kirefu sana kilichoandikwa kwa herufi nne tu. Kitabu cha ng'ombe kina herufi takriban bilioni 2.7. Sehemu ya kitabu inayotoa agizo fulani, kwa mfano namna ya kujenga msuli, huitwa jeni. Ng'ombe ana jeni zipatazo 22,000. Wanasayansi walichapisha kitabu kizima cha ng'ombe kwa mara ya kwanza mwaka wa 2009, wakitumia ng'ombe jike wa aina ya Hereford kutoka Marekani.

Alama ya jeni ni mahali katika kitabu hicho ambapo ng'ombe mmoja ana herufi tofauti na mwenzake. Watafiti hupima uzito wa ng'ombe wengi, kisha huangalia kama wenye herufi moja mahali hapo ni wazito kuliko wenye herufi nyingine. Tofauti ikijitokeza tena na tena, mahali hapo huwa alama ya ukuaji.

Alama hiyo ifikirie kama bango la barabarani. Ukisafiri kutoka Isebania kuelekea Kisii, bango linalokuambia kwamba Rongo iko karibu si mji wa Rongo wenyewe. Linakusaidia tu kwa sababu limesimamishwa kwenye barabara hiyo. Ling'oe ulipeleke barabara nyingine, nalo litakupoteza. Alama za jeni ziko hivyohivyo. Ile iliyopatikana kwa ng'ombe wa Ulaya inaweza isiwe na maana yoyote kwa ng'ombe wa Nyatike au Kuria.

Ng'ombe wetu ametoka wapi

Ng'ombe wengi wa kienyeji katika eneo letu ni wa kundi la zebu wadogo wa Afrika Mashariki. Wana nundu na pembe fupi, na jike aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300. Ndani ya kundi hilo watafiti wameorodhesha aina kadhaa, zikiwemo Winam ya upande wa ziwa, ambayo vitabu vya zamani viliiita Kavirondo, na zebu wa Kuria, ambaye pia huitwa Watende.

DNA inaeleza historia ya kushangaza kuhusu ng'ombe huyu. Uchunguzi wa zebu wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba takriban asilimia 84 ya urithi wao ni wa ng'ombe wenye nundu wenye asili ya Asia, na asilimia 16 ni wa ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Hata hivyo, ile sehemu ndogo ya DNA inayorithiwa kwa mama pekee, katika zebu wa Afrika, ni ya ng'ombe wasio na nundu. Maana yake ni kwamba kwa vizazi vingi mafahali wenye nundu walipandishwa kwa ng'ombe majike waliokuwa hapa tayari. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2020 baada ya kusomwa kwa DNA kamili ya ng'ombe 172 wa Afrika, ulikadiria kwamba mchanganyiko huo ulishika kasi miaka kati ya 750 na 1,050 iliyopita.

Historia hiyo ina funzo kwa mfugaji wa leo. Ng'ombe jike hupata ndama mmoja kwa mwaka akijaliwa, ilhali fahali mmoja anaweza kuzaa makumi ya ndama katika mwaka huohuo. Mafahali ndio waliobadilisha sura ya ng'ombe wa Afrika Mashariki nzima, na fahali ndiye anayeweza kubadilisha boma lako, kwa uzuri au kwa ubaya.

Sayansi imepata nini kuhusu ukuaji

Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa mnyama ambaye hapa kwetu ni nadra, yaani farasi. Mwaka wa 2012 watafiti walilinganisha farasi wa aina mbalimbali, kuanzia wale wafupi mno hadi wale wakubwa wa kukokota mizigo. Waligundua kwamba maeneo manne tu ya DNA yalieleza asilimia 83 ya tofauti ya ukubwa wa miili yao. Eneo mojawapo, lenye jeni ziitwazo LCORL na NCAPG, limeonekana pia kuhusika na ukubwa wa mwili na uzito wa ng'ombe.

Mfugaji anayesikia habari hiyo anaweza kudhani kwamba kazi imekwisha: pima maeneo manne, chagua fahali, subiri kilo. Kwa ng'ombe mambo si rahisi hivyo. Mwaka wa 2018 wanasayansi kutoka nchi nyingi walikusanya takwimu za ng'ombe zaidi ya 58,000 wa makundi 17. Walipata maeneo 163 ya DNA yanayohusika na kimo. Alama kuu za maeneo hayo yote, zikijumlishwa, hazikueleza zaidi ya asilimia 14 hivi ya tofauti ya kimo kati ya ng'ombe na ng'ombe. Ukuaji wa ng'ombe umegawanywa kwa jeni nyingi ndogondogo, kila moja ikiongeza kidogo, na hakuna hata moja inayoweza peke yake kumfanya ndama awe fahali mkubwa.

Ipo jeni moja yenye nguvu isiyo ya kawaida, iitwayo mayostatini. Kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Mwaka wa 1997 iligunduliwa kwamba ng'ombe wa aina ya Belgian Blue, wanaojulikana kwa mapaja yaliyovimba kama ya mnyanyua vyuma, wamepoteza herufi 11 katika jeni hiyo, kwa hivyo breki ya misuli haifanyi kazi. Nyama yao ni nyingi kweli. Lakini ndama huwa wakubwa kiasi kwamba majike wa aina hiyo mara nyingi huzaa kwa upasuaji. Hebu fikiria ng'ombe wa kienyeji wa kilo 220 akiwa na ndama wa namna hiyo tumboni, usiku, kijijini, na daktari wa mifugo yuko kilomita 30.

Alama ya nyama laini

Watu wengi husema nyama ya ng'ombe wa kienyeji ina ladha lakini ni ngumu. Sayansi inakubaliana nao kwa sehemu, na inatoa sababu. Baada ya ng'ombe kuchinjwa, kimeng'enya kiitwacho kalpaini huanza kulegeza nyuzi za nyama. Kitu kingine, kalpastatini, huizuia kalpaini isifanye kazi. Ng'ombe wenye nundu kwa kawaida wana kalpastatini yenye nguvu zaidi, ndiyo maana nyama yao huchelewa kulainika.

Alama za mwanzo za ulaini katika jeni ya kalpaini zilipatikana kwa ng'ombe wa asili ya Ulaya. Zilipojaribiwa kwa ng'ombe wenye nundu, alama mojawapo iliyosifiwa sana haikuwa na faida kubwa kwao, kwa sababu karibu wote walikuwa na herufi ileile. Ilibidi watafiti watafute alama nyingine, na mwaka wa 2005 wakatangaza moja inayofanya kazi kwa makundi yote mawili. Hilo ndilo lile bango lililopelekwa barabara isiyo yake.

Mwenye bucha naye ana nafasi yake hapa. Sehemu kubwa ya ulaini haimo katika DNA. Umri wa mnyama, hofu na uchovu kabla ya kuchinjwa, na muda nyama inaotundikwa mahali penye baridi kabla ya kuuzwa, vyote huamua nyama itakavyotafunika. Maksai aliyelima miaka minane hatatoa nyama laini hata awe na alama zote nzuri.

Ili akue, lazima kwanza aishi

Kati ya mwaka wa 2007 na 2010, mradi wa utafiti ulifuatilia ndama 548 wa zebu magharibi mwa Kenya, tangu kuzaliwa hadi karibu kutimiza mwaka mmoja. Walikuwa ndama wa wafugaji wadogo, wanaolishwa na kuchungwa kama wetu. Asilimia 16 hivi walikufa kabla ya mwaka kuisha. Kati ya waliokufa, wanne katika kila kumi waliuawa na ndigana kali inayoenezwa na kupe, ambayo wafugaji wengi huiita ECF. Minyoo wanaonyonya damu tumboni walifuata. Ndama walioishi na minyoo na magonjwa mengine walikua polepole kuliko wenzao.

Mradi huo ulipoangalia DNA, ulipata mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. Ndama waliokuwa na damu ya ng'ombe wa Ulaya waliugua zaidi kuliko zebu halisi katika mazingira hayohayo. Na ndama ambao wazazi wao walikuwa na undugu wa karibu walikuwa dhaifu kuliko wale ambao wazazi wao hawakuhusiana.

Mwaka wa 2022 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ILRI yenye makao yake Nairobi, walitangaza alama ya jeni inayohusiana na uwezo wa kustahimili ndigana. Waliipata kwa ng'ombe wa Boran, zebu wa papa hapa Kenya. Kwa mfugaji wa Uriri au Rangwe, alama kama hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko alama yoyote ya uzito, kwa maana ndama aliyekufa hana uzito wa kupimwa.

Majirani zetu wanaopakana na Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Eneo hilo lina historia ndefu ya mbung'o na ugonjwa wa nagana. Afrika Magharibi wapo ng'ombe waitwao N'Dama wanaostahimili nagana, na karibu na Mto Tana Boran wa Orma wamechunguzwa kwa sababu hiyohiyo. Ustahimilivu wa namna hiyo haununuliwi dukani. Hujengwa na vizazi vingi vilivyoishi na ugonjwa, na hupotea haraka mfugaji anapoondoa ng'ombe wake wote wa kienyeji na kuleta wageni. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hesabu ya fahali mmoja

Turudi kwa yule fahali aliyepakiwa kwenye lori. Je, kweli kuna hasara?

Chukua mfano. Fahali wachanga wawili wamelelewa boma moja, wamekula malisho mamoja, wana umri wa mwaka mmoja. Mmoja amewazidi wenzake kwa kilo 40. Si kilo zote 40 zinazotokana na jeni, kwa kuwa pengine mama yake alikuwa na maziwa zaidi, au hakuugua. Kwa uzito wa umri huo, watafiti hukadiria kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya tofauti kati ya ng'ombe hurithiwa. Tuchukue asilimia 30. Kilo 12 basi ni za jeni. Fahali huchangia nusu ya urithi wa ndama, kwa hivyo kwa wastani kila ndama wake atakuwa na kilo 6 zaidi ya ambaye angezaliwa na fahali wa kawaida.

Kilo 6 zinaonekana chache. Lakini kama fahali huyo atazaa ndama 10 kwa mwaka katika boma lako na la jirani, ni kilo 60 kila mwaka, na mitamba watakaobaki watawarithisha watoto wao pia. Hesabu hiyo hufanya kazi upande wa pili vilevile. Ukimbakiza fahali aliye chini ya wenzake kwa kilo 40, kila ndama anapungukiwa na kilo 6, na mwaka unaofuata unarudia. Baada ya miaka 20 ya kuuza bora na kubakiza dhaifu, tunasema ng'ombe wa kienyeji ni wadogo kwa asili, kumbe sehemu ya udogo huo tumeuchagua sisi wenyewe.

Hasara ya pili ni ya undugu. Katika vijiji vingi fahali mmoja hutumika miaka mitano au sita. Mitamba aliowazaa hufikia umri wa kupandwa naye akiwa bado zizini. Ndama anayezaliwa na fahali na binti yake huwa, katika robo ya jeni zake, na nakala mbili za kitu kilekile. Kasoro zilizokuwa zimefichika hujitokeza: kukua polepole, kuugua kwa urahisi, kutoshika mimba.

Mfugaji afanye nini sasa

Hatua zifuatazo hazihitaji maabara.

1. Pima kabla ya kuuza. Kama huna mizani, tumia utepe wa fundi cherehani. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, halafu gawa kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzingo wa sentimita 140 na urefu wa sentimita 120 atakuwa na kilo 217 hivi. Ni makadirio tu, lakini ukitumia njia ileile kwa ng'ombe wako wote, utajua nani anamzidi nani. Tahadhari na tepe zilizochapishwa kilo tayari kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, kwa sababu hazilingani na umbo la zebu.

2. Andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ndama apewe jina au nambari, tarehe ya kuzaliwa, mama yake, baba yake, na uzito wake kila baada ya miezi mitatu. Ndama aliyetoka kilo 120 hadi kilo 147 kwa siku 90 ameongeza gramu 300 kwa siku. Bila daftari, utakumbuka tu kwamba alikuwa mzuri.

3. Linganisha walio sawa. Usimlinganishe ndama wa msimu wa mvua na wa kiangazi, wala wa umri tofauti. Ukifanya hivyo utakuwa unapima malisho badala ya jeni.

4. Mbakize fahali bora hata kwa msimu mmoja. Kama karo haiwezi kusubiri, zungumza na majirani. Boma tano zikichanga kumtunza fahali mmoja bora, hakuna anayebeba hasara peke yake. Na afya ya viungo vya uzazi ichunguzwe kwanza.

5. Wahasi mapema wasiofaa. Fahali mdogo anayetangatanga malishoni atapanda kabla hujajua. Akihasiwa, bado atanenepa na kuuzwa.

6. Badilisha fahali kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili hadi mitatu. Anaweza kubadilishana na fahali wa kijiji kingine. Mnyama anayehamishwa, hasa anayevuka mpaka wa kaunti au wa Tanzania, lazima awe na kibali cha mifugo.

7. Ogesha dhidi ya kupe na utoe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa wa mifugo. Jeni nzuri haziwezi kushindana na tumbo lililojaa minyoo.

Maswali ambayo wafugaji huuliza

*Je, naweza kumpima fahali wangu DNA?*
Kitaalamu, ndiyo. Nywele chache zilizong'olewa na mizizi yake, kipande kidogo cha sikio au damu vinatosha, na maabara inaweza kusoma alama zipatazo 50,000 kwa mara moja. Lakini matokeo hayo husaidia tu pale ambapo kuna ng'ombe wengi wa aina hiyohiyo waliopimwa uzito na DNA pamoja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa kwa ng'ombe wa Ulaya na Marekani. Kwa hivyo mtu akikuuzia kipimo cha "jeni ya unene", muulize maswali matatu: alama hiyo ilijaribiwa kwa zebu? Ilijaribiwa kwa ng'ombe wangapi? Inaeleza kilo ngapi? Asipokuwa na majibu, weka pesa zako.

*Mbona kuku mwenye shingo tupu hutambulika kwa macho tu?*
Kwa sababu shingo tupu inatokana na badiliko moja la jeni lenye nguvu. Ukiona ngozi ya shingo, umeiona alama. Kuku huyo pia hustahimili joto vyema, kwa kuwa ana manyoya machache. Uzito wa ng'ombe hauko hivyo. Jeni zake ni nyingi, na rangi ya ngozi au umbo la pembe haviwezi kukuambia ni kilo ngapi.

*Nichanganye na Sahiwal au Boran?*
Inawezekana, na wengi wamefanya hivyo. Sahiwal ni zebu mkubwa mwenye asili ya Pakistan na India, na Boran ni zebu wa nyama wa Kenya. Wote wawili wana nundu na huvumilia joto kuliko ng'ombe wa Ulaya. Mbegu zao hupatikana kupitia kituo cha kitaifa cha jeni za mifugo, KAGRC, kilichoko Kabete. Mambo mawili ya kuzingatia: ng'ombe mkubwa anakula zaidi, na mtamba mdogo asipandishwe mimba yake ya kwanza na aina kubwa. Tena usichanganye boma zima kwa mara moja. Bakiza majike kadhaa wa kienyeji waliopandwa na fahali bora wa kienyeji, ili mbegu hiyo isipotee.

*Nani anaruhusiwa kupandisha kwa AI?*
Ni mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya pekee, kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2011. Una haki ya kumwomba cheti chake, na kuandikiwa jina au nambari ya fahali aliyetoa mbegu. Nambari hiyo iingie katika daftari lako, kwa sababu bila hiyo hutajua baada ya miaka mitatu kama unampandisha mtamba kwa baba yake.

*Ng'ombe wa mahari je?*
Hapa Migori na Homa Bay, mahari bado hupelekwa kwa ng'ombe, na familia hupenda kutoa mitamba wa kuvutia. Desturi hiyo ina faida moja ya kijeni: huhamisha ng'ombe kutoka ukoo mmoja hadi mwingine na hivyo kupunguza undugu zizini. Familia inayopokea iulize tu historia ya mnyama: mama yake ni nani, alizaliwa lini, ana ndugu wangapi walio hai. Maswali hayo huweza kuulizwa kwa heshima, na wazee wengi huyajibu kwa fahari.

Wajibu wa kila mmoja

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka ufugaji, masoko ya mifugo, vichinjio vya kaunti na udhibiti wa magonjwa ya wanyama mikononi mwa serikali za kaunti. Utafiti wa kitaifa hufanywa na taasisi kama KALRO, na mbegu za kitaifa ziko chini ya KAGRC. Lakini hakuna ofisi inayoweza kuamua ni fahali gani atakayepakiwa kwenye lori siku ya soko. Uamuzi huo ni wa mwenye boma.

Tena alama za jeni za zebu wetu zitapatikana siku wafugaji watakapokuwa na takwimu. Mtafiti anayekuja na vifaa vya DNA lakini asikute uzito wala tarehe za kuzaliwa hana cha kulinganisha. Wafugaji 50 wenye madaftari yaliyojazwa vizuri kwa miaka mitatu watakuwa wamefanya nusu ya kazi ya utafiti wenyewe, na watakapoombwa sampuli za ng'ombe wao wataweza kuuliza faida itawarudia vipi.

Kwa ushauri kuhusu kupima, kuhasi, kubadilishana mafahali au huduma ya AI, tembelea afisa wa mifugo wa wadi yako au ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Beba daftari lako. Kama bado huna, daftari la shule la kurasa 48 linatosha, na ukurasa wa kwanza uanze na ndama wa mwisho kuzaliwa zizini mwako.